Makaa Hukamata, Jua Huvunja

Nyinyi mnaoingia karakana leo mkiwa na glavu mikononi na miwani ya plastiki usoni, sogeeni niwaone vizuri. Mimi glavu nilizijua uzeeni. Tazameni kucha zangu. Nimestaafu, nakaa kibarazani nikikuna nazi kama mabibi wengine, na bado pembeni mwa kidole gumba pana mstari wa bluu usiokubali kutoka. Mjukuu wangu aliniuliza kama ni ugonjwa. Nikamwambia ni kazi.

Naitwa Mejumaa. Nimetia nguo rangi tangu kifua kikiwa na pumzi mpaka mgongo ulipoomba ruhusa, katika karakana iliyo kando ya barabara itokayo Diani kwenda Msambweni. Batiki za kutundikwa vyumbani mwa mahoteli, vikoi, mitandio, vitambaa vya meza. Lakini sikuja kuwafundisha kutia rangi, hayo mnaye wa kuwafundisha. Nimekuja kuwaeleza jinsi ya kuitoa. Kuitoa ndani ya maji, mpaka maji yakae kama hayakuwahi kuijua.

Nilijiahidi nitasimulia kwa utaratibu, lakini utaratibu na mimi hatujawahi kuelewana. Basi pokeeni kwanza nililoliona kwa macho yangu. Maji yenye bluu ya mbali, ile bluu kaidi inayobaki baada ya kila hila, yakiteremka juu ya sakafu nyeupe chini ya jua la saa sita, yakikusanywa chini, yakirudishwa juu, yakiteremka tena. Hakuna aliyetia dawa. Ilipofika alasiri nikachota kwa bakuli, na bluu haipo. Haipo! Nilipiga kigelegele peke yangu pale uani mpaka watu wa dukani wakaja kuuliza ni harusi ya nani.

Haya, sasa turudi nyuma.

Mwalimu wangu alikuwa Mama Consolata, mwanamke wa Kakamega aliyeshuka pwani kufua mashuka ya hoteli, akaishia na karakana yake mwenyewe. Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe walio mlima wa pili na mkono mwepesi kuliko wa mpambaji hina. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba nta ikikaa juu ya kitambaa ikiwa nyeupe, imepoa, irudishe jikoni. Ikipenya kitambaa kikaonekana kama kimemwagikiwa mafuta, endelea, usizungumze na mtu. Nilichoma vitambaa vingi kabla sijalielewa hilo. Hakunifukuza. Alivigeuza vitambaa vile kuwa matambara ya kufutia meza na kila alipofuta aliniangalia.

Rangi yetu hushika pamba kwa chumvi na magadi. Chumvi huisukuma iingie kwenye uzi, magadi huifunga isitoke. Ila haishiki yote. Ile isiyopata uzi wa kukaa hubaki majini, na maji yale tulikuwa tukiyamwaga kwenye mtaro nyuma ya karakana, kila siku ya Mungu, kama walivyofanya watia rangi wote tuliowajua. Mtaro uliishia kwenye mchanga, na mchanga wa kwetu hunywa chochote. Hatukujiuliza ukishakunywa hupeleka wapi.

Ulipeleka kisimani.

Lazima mjue kisima hicho ni kipi. Chini ya karakana, hatua chache tu ukivuka minazi, upo msikiti mdogo, na kando ya msikiti pana kisima. Kilichimbwa na babangu kwa mikono yake. Baba alikuwa mchimba visima, kazi ya kupasua mwamba wa matumbawe kwa mtaimbo huku umening'inia kwa kamba. Vingine vyote alivichimba kwa ujira. Hicho kimoja alikichimba bure, kiwe sadaka ya kumfuata mamake kaburini, maana kila atakayetawadha hapo thawabu humfikia marehemu. Ndivyo tunavyoamini. Na katika visima vyote alivyochimba, Baba alikuwa na desturi moja: ndoo ya kwanza ikipanda, hachoti kwa kuangalia. Huchukua funda, hulizungusha mdomoni, na ulimi humwambia kama maji yametoka bara au yanachungulia bahari.

Wakati wa habari hii Baba alikuwa mzee, macho yameingia ukungu, anatambua mchana na usiku basi. Ijumaa alikuwa akishika fimbo yake, anakwenda kwa kupapasa ukuta, anatawadha kwenye kisima chake, anaswali. Kisha akaanza kulalamika magoti.

"Mwanangu, magoti yamenikataa," aliniambia. "Nitaswali hapa hapa chumbani."

Nilimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Nikamwombea. Sikuwaza zaidi.

Baada ya hapo ndipo Maalim Bakari, imamu wetu, alipokuja karakana amebeba ndoo nyeupe. Hakuja na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alibisha hodi, akatusalimu, akaulizia hali ya Baba, akaulizia watoto wa Consolata mmoja mmoja. Kisha akaiweka ndoo mezani. Maji yalikuwa na bluu. Si nyingi. Kama ile inayobaki ukisuuza kikombe kilichokuwa na wino.

"Mama Consolata, binti yangu Mejumaa," akasema, "maji yana sifa tatu. Rangi, ladha na harufu. Moja ikigeuzwa na kitu kilichochanganyika nayo, maji yale hata kama si najisi hayatwahirishi. Mtu hawezi kutawadha nayo. Nimewazuia watu kisima tangu jana."

Consolata alivuta kiti akakaa. "Sisi nasi tunabatizwa kwa maji, Maalim," akasema. "Naelewa unachoniambia."

"Alhamdulillahi. Basi kamati imenituma. Mpaka mwezi wa Ramadhani. Kama mtaro huu utakuwa bado unatiririka, watakwenda kwa chifu, na karakana itafungwa. Mimi sipendi. Hapa wanakula watu wengi."

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Nikamwomba jambo moja tu, Baba asiambiwe. Kisima kile ndicho alichobakiwa nacho, na bintiye ndiye aliyekitia rangi. Maalim akanitazama kwa huruma akasema hatatoka nalo neno.

Sikilizeni sasa namna watu wazima wanavyopaparika. Siku ile ile tulichimba shimo, tukalitandika turubai zito, maji yote ya rangi yakawa yanaingia humo, mtaroni halikwenda hata tone. Hilo lilikuwa la akili. Lililofuata halikuwa la akili. Shimo lilikuwa linajaa, na Consolata akakumbuka alikuwa dobi wa hoteli. Akamimina shimoni ile dawa kali ya kung'arishia mashuka, galoni nzima, na nyingine. Bluu ikafifia, ikawa manjano, ikatoweka. Tukashangilia! Tukamwita Maalim mbio mbio.

Maalim aliinama juu ya shimo, akanyanyuka haraka, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Rangi imetoka," akasema, "harufu imeingia."

Ilituchoma macho sote. Na baadaye nilikuja kuambiwa kwamba dawa ile ikikutana na rangi huzaa vitu vingine usivyoviona, na baadhi ni vibaya kuliko rangi yenyewe. Kwa hiyo la kwanza la kushika: kitu kutoonekana si sawa na kitu kutokuwepo. Msije mkamfurahisha mtu kwa macho tu.

Aliyetutoa gizani alikuwa kijana wa Kitui aliyeitwa Kioko, msomi wa mambo ya maji chuoni, anayetafuta karakana ya kujaribia aliyojifunza. Alisali kanisa moja na Consolata alipokuwa Ukunda. Aliingia uani na kandambili, mkoba mgongoni.

"Sasa, mathe!"

"Sasa ndiyo salamu ya mtu mzima?" nikamuuliza.

Akacheka, akainamisha kichwa. "Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sasa sema."

Akasema. Aliongea mpaka chai ikapoa. Alituambia tukusanye vifuu, vile vifuu vya nazi tunavyovitupa au kuwashia jiko. Nikamwambia vifuu kwangu vimejaa, mimi hukuna nazi kila siku. Akaruka kama aliyeshinda bahati nasibu.

Tulivichoma kwenye pipa lenye kifuniko, hewa kidogo sana, viwe makaa visiwe majivu. Makaa yakiwa bado mekundu tuliyanyunyizia maji kwa mbali, mvuke ukavuma. Kioko alituambia mvuke ule unachimba vitundu ndani ya makaa, vidogo visivyoonekana kwa jicho. Kisha tukayaponda yakawa kama chenga za mchele, si unga, maana unga huziba.

"Mathe, ukichukua hii mkono moja ya makaa uikunjue yote," Kioko akasema, "unaweza funika uwanja wa mpira. Rangi inapita hapo inashikwa kwa kuta za vitundu. Hainyonywi kama sponji. Inanata."

Mimi nikajifanya nimeelewa. Nilielewa pale nilipotupa chenga chache kwenye gilasi ya maji zikaanza kutoa mapovu madogo madogo, zikichemka bila moto. Ni hewa iliyomo vitunduni ikifukuzwa na maji. Ndiyo dalili mpaka leo: makaa yakitumbukizwa yakanyamaza, yarudisheni motoni. Yakinong'ona, yako tayari.

Tulijaza mapipa, chini kokoto, katikati mchanga, juu makaa, tukamimina maji ya bluu kwa hamu. Yakatoka meusi tititi. Tulikuwa tumetoa bluu tukatia masizi! Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuyaosha makaa kwanza, hata huyo msomi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akashika kichwa. Consolata akamletea mandazi. Tukaosha makaa asubuhi nzima, tukaanza upya, na safari hii bluu ikapungua, lakini kidogo mno, kama makaa yameigomea.

Hapo ndipo mkono wangu uliposaidia, na nasema hivyo bila kujisifu, maana sikujua nilichosaidia. Nilitia vidole majini nikamwambia Kioko, "Haya maji yanateleza." Magadi huteleza vidoleni kama sabuni, kila mtia rangi anajua. Kioko akaruka tena. Alikuwa amesahau kupima ukali wa magadi. Akanieleza kwamba majini rangi zetu na makaa hukaa kama watu wawili waliokosana, kila mmoja anamsukuma mwenzake, na magadi yanazidisha ugomvi. Ukitia kitu chenye uchachu, wanapatana.

Uchachu! Sasa mwambie mwanamke wa pwani habari za uchachu. Nilikimbia nyumbani nikarudi na sufuria ya ukwaju uliolowekwa. Nikamimina wote. Maji yakawa rangi ya mchuzi wa samaki. Kioko alikwenda kusimama nyuma ya minazi, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Tukatumia siki nyeupe, ile ya dukani, kidogo kidogo mpaka utelezi uishe vidoleni. Na wallahi makaa yakakamata. Maji yaliingia juu bluu nzito yakatoka chini bluu ya mbali, ya kuchungulia. Nilitaka kucheza.

Nilikuwa na bakuli la bati jeupe lenye waridi jekundu lililochorwa chini, kama yale ya mama zenu. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu. Kioko alikuwa na mashine yake ya kupima rangi, mimi nina waridi. Kabla ya makaa huoni ua. Baada ya makaa unaliona ua, ila petali zake zilikuwa zambarau. Bluu ilikuwa bado ipo juu yake.

"Tuongeze makaa," nikasema.

"Tunaweza," Kioko akasema. "Lakini mathe, fikiria. Hiyo rangi imeenda wapi? Bado iko ndani ya pipa. Makaa yakijaa, unayatupa wapi?"

Nikaligeukia pipa. Ni kama kufagia taka ukazisukuma chini ya mkeka. Chumba kinang'aa na taka zimo. Makaa hukamata, hayavunji. Tulihitaji wa kuvunja.

Ndipo akatoa mkobani mfuko wa unga mweupe, laini kuliko poda ya mtoto. Akasema ni unga wa titani, ndugu ya ule unaotia weupe kwenye rangi za ukuta na kwenye mafuta wanayojipaka watalii ufukweni wasiungue. Jua likiupiga ndani ya maji, huzaliwa vitu vikali ajabu ambavyo havidumu hata kope kupepesa, lakini katika uhai wao huo mfupi huikata rangi vipande, na vipande vipande tena, mpaka inabaki hewa na maji na chumvi kidogo. Na unga wenyewe hauliki. Kesho uko pale pale, unangoja jua. Yeye aliuita kichocheo.

Mimi masikio yangu yalikuwa yamekwama kwenye titani. Jamani, kwetu Kwale si ndiko mchanga wa titani ulikochimbwa ukapakiwa melini? Sasa twende tukanunue unga wa kutoka ng'ambo, na sisi wenyewe tumeulalia? Sikumwambia mtu. Nilipanda bodaboda kwa shangazi yangu upande wa vilimani, nikarudi na kiroba cha mchanga mweusi unaometameta, nimekikumbatia njia nzima. Nikautandaza kwenye trei, nikamimina maji ya bluu, nikaketi kando na kanga yangu kichwani nikingoja muujiza. Nilingoja mpaka adhuhuri. Consolata akapita.

"Unaanika nini, Mejumaa?"

"Titani."

"Ina kazi?"

"Inajiandaa."

Kioko alipokuja akachota mchanga kwa kiganja, akaniangalia kwa adabu, na safari hii hakwenda nyuma ya minazi, alicheka mbele yangu hadi akakaa chini. Akanieleza kwamba titani imo kweli, lakini imefungamana na chuma na mengineyo, mpaka itolewe viwandani kwa moto na tindikali. Kumbe nilikuwa kama mtu anayempa mgeni muhogo mbichi na kumwambia ale sima. Mchanga ule uko hadi leo karakana, wanasafishia masufuria. Ni mzuri sana kwa masufuria.

Tukajenga meza ya jua. Mteremko wa zege ulioinama kidogo, juu yake tukapaka saruji nyeupe iliyochanganywa na ule unga, ikakauka ikawa ngumu na yenye kukwaruza. Juu bomba lenye matundu, chini ndoo, na pampu ndogo ya kurudisha maji juu. Unga ukitiwa majini moja kwa moja hufanya kazi vizuri sana, ila kuukamata baadaye ni balaa, unapita kila kitambaa. Kwenye saruji umekaa, hauendi popote.

Nami, kwa haraka zangu, siku ya kwanza nikamimina maji mazito ya shimoni bila kuyapitisha kwenye makaa. Jua kali, hakuna wingu. Jioni bluu ile ile inanitazama. Jua halikuweza kupenya, maji yenyewe yaliutia unga kivuli. Kwa hiyo shikeni mfuatano: makaa kwanza, jua baadaye. Makaa hubeba mzigo mkubwa, jua humaliza mabaki. Na maji yateremke membamba kama jasho shingoni. Yakiwa na kina, mnaosha saruji tu.

Kesho yake tukafuata mfuatano. Nimekwishawaeleza yaliyotokea, na bado nasisimka nikisimulia. Nilichota kwa bakuli nikaona waridi jekundu, jekundu kweli, na zile nukta za manjano katikati ambazo nilikuwa nimesahau kama zimo. Consolata alinikumbatia akaniinua, mimi na mwili wangu huu. "Bwana asifiwe!" yeye, "Allahu akbar!" mimi, na Kioko katikati anapiga picha zilizotoka zimetikisika zote.

Ramadhani ilikuwa mlangoni. Maalim akaja. Akatazama bakulini kwa muda mrefu. Akanusa. Akachovya ncha ya kidole akaigusisha ulimini.

"Rangi hakuna. Harufu hakuna." Akatema pembeni, akatabasamu. "Ladha ya bahari."

Chumvi. Makaa hayaikamati, jua halivunji chumvi. Nikaliweka bakuli chini. Lakini Consolata alikuwa na jibu, na lilikuwa la kidobi hasa.

"Maalim, haya hatuyapeleki kisimani. Wala mtaroni. Yanarudi kwenye rangi. Sisi kila siku tunatia chumvi majini ndipo nguo ishike. Haya yana chumvi tayari."

Na ndivyo tulivyofanya. Kitambaa cha kwanza kilichotiwa rangi kwa maji yaliyokwisha kutiwa rangi, nililala nacho kitandani kama mtoto mchanga. Mtaro tuliufukia, juu yake tukapanda mipapai. Makaa yakijaa huchomwa upya kwenye pipa, vitundu hufunguka, hurudi kazini. Kamati ilikuja, ikaona, ikaenda zake, na karakana haikufungwa.

Lakini karakana si kisima. Tulichokuwa tumefanya ni kuacha kukitia kisima rangi. Kilichokwisha kuingia kilikuwa bado kimo. Tulikivuta kwa pampu, siku baada ya siku, tukimwagilia minazi. Watu wakafunga mwezi mzima wakitawadha kwa maji ya mitungi. Masika ikaja, mvua ikanyesha kama imetumwa. Nilikuwa nikishuka kila asubuhi na bakuli langu, nachota, natazama waridi, narudi. Na kila nikirudi nampita Baba chumbani, ameketi juu ya mswala na birika lake la maji ya mvua, na magoti yake.

Asubuhi moja waridi likawa jekundu. Sikuamini, nikachota tena. Nikanusa. Nikaonja. Maji baridi matamu, ladha ya mwamba, kama ninayoikumbuka ya utotoni. Sikwenda kwa Maalim wala kwa Consolata. Nilijaza gilasi nikapanda nayo nyumbani, nusu natembea nusu nakimbia.

"Baba, nimekuletea maji."

Hakuuliza ya wapi. Alipokea kwa mikono miwili, akachukua funda moja. Hakulimeza. Nilimwona akilizungusha mdomoni, polepole, uso ameuinua juu, kama nilivyokuwa nikimwona mimi ni mtoto na yeye amesimama ukingoni mwa shimo jipya na tope mpaka mapajani. Kisha akameza. Akanywa gilasi yote.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi, Baba."

"Basi nitolee kanzu yangu nyeupe. Kesho nitakwenda msikitini."

"Na magoti?"

"Yamepona."

Nilisimama pale na gilasi tupu. Magoti yale yalianza kuuma kabla Maalim hajaja na ndoo yake. Kabla ya bluu kuonekana na macho ya mtu yeyote ilitangulia chumvi, na ndani ya kijiji kizima ulimi uliokuwa ukiijua ladha ya kisima kile ulikuwa mmoja. Alikijua kisima chake kimegeuka, na alijua ni kazi ya nani, na akaona heri aambiwe na watu kwamba amekuwa goigoi wa sala kuliko mimi nitahayari mbele yake.

Niliingia chumbani kutafuta kanzu. Nikakaa juu ya kitanda chake nikalia, kanga nimeibana mdomoni asinisikie, sijui ni kwa furaha au ni kwa haya, nikalia mpaka Baba akaona nimekawia.

"Mejumaa!" akaita kutoka nje. "Kanzu huioni, au nayo umeitia bluu?"